Kamanga na Maji ya Nyanza: Historia ya Kivuko na Mafunzo Yake

Ndugu msomaji, sisi watu wa pwani tumezoea kudhani kwamba maji na vyombo ni habari ya kwetu peke yetu. Mtu wa Lamu, wa Mombasa, wa Tanga au wa Unguja akisikia neno "nahodha" humfikiria mzee wa kwao, na akisikia neno "bara" huona mbele ya macho yake njia ya vumbi na miti ya miiba. Kumbe huko bara ndani kabisa, mwendo wa zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Dar es Salaam, yako maji makuu yasiyoonekana ng'ambo yake. Wako huko watu wanaolala na kuamka kwa hesabu ya upepo, na mama zao huomba dua jioni mtoto akichelewa kurudi kutoka majini, kama waombavyo mama zetu.

Leo twataka kuzungumza habari ya pahali padogo katika maji hayo, panapoitwa Kamanga. Huenda wengi wetu hatujapata kulisikia jina hilo. Lakini aghlabu pahali padogo ndipo panapofundisha mambo makubwa, na Kamanga ina mafunzo yanayoihusu kila nyumba yenye mtu anayepanda chombo.

Tuanze na ardhi yenyewe. Ziwa la Nyanza, ambalo ramani huliita Victoria, lina eneo la kilomita mraba 68,800 hivi. Ukichukua kisiwa cha Unguja ukakipanga mara 40, bado ziwa litabaki na nafasi. Liko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,134, na juu ya ukubwa wake wote si refu kwenda chini: kina chake kikubwa kabisa ni mita 80 hivi. Tanzania ina karibu nusu yake, Uganda ina sehemu kubwa ya iliyobaki, na Kenya ina sehemu ndogo. Upande wa kusini maji yamepenya nchi kavu yakafanya mkono mrefu wa kiasi cha kilomita 60, nao ndio Ghuba ya Mwanza. Mashariki ya ghuba hii umekaa mji wa Mwanza na majabali yake makubwa yaliyopandana, ambayo mgeni huyastaajabia akidhani kwamba yatabingirika wakati wowote. Magharibi yake ni nchi ya Sengerema, na hapo ndipo ilipo Kamanga, ikiutazama mji.

Basi Kamanga ni ng'ambo. Kwa miaka mingi vivuko vimekuwa vikitoka mjini, si mbali na lile jabali mashuhuri liitwalo Bismarck, vikipeleka watu, magari, ng'ombe na mizigo mpaka Kamanga, kisha safari ikaendelea kwa barabara kwenda Sengerema na Geita. Mwendo wenyewe juu ya maji ni mfupi, kama nusu saa hivi. Lakini mambo mangapi yamepita katika nusu saa hiyo! Bibi harusi amevuka, maiti amevuka kwenda kuzikwa kwao, mgonjwa amevuka kwenda hospitali ya mji, mwanafunzi amevuka na sanduku lake la bati.

Na maji hayo, yajapokuwa yako bara, yana njia ya kutoka. Huko kaskazini, Jinja katika Uganda, yanamwagika yakawa mto Nili, na Nili hupita Sudan ukaingia Misri. Sote twajua kisa cha mama yake Nabii Musa (A.S.), aliyemweka mwanawe katika sanduku akamtia mtoni huku moyo wake ukitetemeka. Mto ule ndio huu. Mtoto wa Kamanga anayechota maji kwa ndoo asubuhi achota katika chungu ambacho Mwenyezi Mungu amekijaalia kuunywesha mto wa Firauni. Baada ya hayo, nani atasema kwamba bara na dunia ya vitabu vyetu ni mbalimbali?

Zamani, kabla ya mgeni yeyote kufika, nchi ya magharibi ya ghuba ilikuwa ya Wazinza, na wafalme wao walikuwa wa ukoo wa Wahinda, ukoo mmoja na watawala wa Karagwe. Mashariki walikaa Wasukuma, wakulima na wafugaji wa ng'ombe. Katika Buzinza walikuwako mafundi wa chuma walioitwa Warongo. Hao walichimba mawe ya chuma, wakayeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe. Majembe hayo yalivushwa yakauzwa Usukuma na mbali zaidi, na huko hayakuwa ya kulimia tu, bali hata mahari yalitolewa kwayo. Zingatia hapa, ndugu msomaji: kabla ya reli na kabla ya fedha ya sarafu, mtu wa upande huu alimhitaji mtu wa upande ule, na kilichowaunganisha kilikuwa mtumbwi. Kivuko ni cha kale kuliko serikali zote zilizopata kutawala hapo.

Mitumbwi yenyewe ilikuwa ya namna mbili. Iliyokuwa midogo ilichongwa katika gogo moja. Iliyokuwa mikubwa, hasa ile ya Waganda, ilikuwa ya mbao zilizoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja. Mzee yeyote wa Pate au Lamu akisikia hayo atatabasamu, kwani mitepe ya kwetu ilishonwa vivyo hivyo. Watu wawili wasiojuana, mmoja baharini na mmoja ziwani, walifikia hekima moja.

Sasa tuje kwenye habari ya watu wetu walivyofika huko. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilitoka Bagamoyo ikaenda Tabora, na kutoka Tabora ikagawanyika. Mmoja katika waliofungua njia ya kaskazini, ya kwenda Karagwe, alikuwa Mwislamu wa Kihindi, jina lake Musa Mzuri. Asili yake ni Surat, mji ulioko kando ya mto Tapti katika nchi ya Gujarat, ambao zamani ulikuwa bandari kubwa ya mahujaji wa India waliokwenda Makka kwa jahazi. Fikiri: kijana aliyezaliwa ukingoni mwa mto huko India akaja Unguja, akaingia bara na shanga zake, akamaliza umri wake katikati ya Afrika, na mwaka 1861 akafa huko huko. Naye Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara Mwarabu, alikwisha kufika mbele ya Kabaka Suna wa Buganda mwaka 1844, na inasimuliwa kwamba ndiye wa kwanza kumtajia mfalme yule kuwa yuko Mungu Mmoja anayewahukumu hata wafalme.

Yuko na mwingine ambaye safari yake ilikwenda kinyume cha ile ya Musa Mzuri. Naye ni Sidi Mubarak, aliyejulikana kwa jina la Bombay. Huyu alizaliwa Myao, akakamatwa mtoto, akauzwa utumwani, akapelekwa India. Bwana wake alipokufa alipata uhuru wake, akarudi Afrika ya Mashariki. Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alisimama Mwanza akalitazama ziwa, kisha akalipa jina la malkia wake. Dunia yote ikajua kwamba Speke "amelivumbua" ziwa. Lakini hakusimama pale peke yake. Bombay alikuwa naye, na bila ya ulimi wa Bombay, Speke asingeweza hata kuuliza njia, kwani wawili hao walisemezana kwa Kihindustani, na Bombay akasema na watu kwa Kiswahili. Ama wenyeji wa pande zile, wao walikuwa wakivua, wakivuka na kuzikana kando ya maji hayo tangu enzi na enzi, wakiyaita Nyanza. Kitu kisichojulikana na mtu mmoja hakiwi kimepotea.

Hapa yatupasa kusema kweli, kwani historia inayosifu tu ni kama mizani yenye kidole cha mwuzaji. Misafara ile ilichukua nguo, shanga na bunduki, ikarudi na pembe za ndovu, na ikarudi vilevile na watu. Kageye, upande wa mashariki ya Mwanza, ilikuwa kituo cha biashara hiyo, na kutoka hapo vyombo vilikwenda Buganda na kurudi. Waliofungwa shingoni walikuwa wana wa watu, wana wa Adamu. Dini yetu imeweka kumwacha huru mtumwa kuwa ni kafara na ni ibada, na ikahesabu kumwuza mtu huru kuwa ni dhambi kubwa. Waliofanya kinyume walifanya kwa tamaa zao, na haitufai sisi tuliokuja nyuma kuifunika tamaa hiyo kwa kilemba cha dini. Bombay mwenyewe, aliyekuwa Mwislamu, ni shahidi: uso wake ulipita katika masoko hayo.

Katika wafanyabiashara wa Kageye alikuwako Mswahili mmoja aitwaye Songoro. Stanley alimkuta huko mwaka 1875, alipokuja kuunganisha mashua yake ili alizunguke ziwa. Songoro alikuwa akiunda jahazi huko Ukerewe, kwa mbao za miti ya nchi ya mfalme Lukonge. Tengeneza picha hiyo moyoni, ndugu msomaji: chombo cha namna ya pwani, kinaundwa katika ziwa la bara, kikingojea tanga. Ilikuwa kazi ya kustaajabisha. Wamisionari wa Kiingereza walipofika mwaka 1877 walikinunua chombo hicho. Lakini Lukonge alisema kwamba bado anadai haki yake kwa chombo hicho. Ugomvi ukakua. Mwezi wa Disemba 1877 vita vikazuka huko Ukerewe, akauawa Songoro, wakauawa na Waingereza wawili, Smith na O'Neill, pamoja na watu wengi waliokuwa nao ambao majina yao hayakuandikwa.

Masimulizi ya mkasa huu yanahitilafiana katika mambo madogo madogo, kila upande ukijitetea. Lakini liko jambo moja lililo wazi: mti ulikatwa, chombo kikaundwa, kikauzwa, na mwenye nchi akabaki akisema hajalipwa. Twafundishwa kwamba roho ya mtu huning'inia kwa deni lake. Songoro alikuwa hodari wa kuunda chombo, na dhoruba haikumzamisha. Kilichomzamisha ni hesabu iliyokuwa haijafungwa.

Baada ya hapo zamani zikageuka upesi. Wajerumani waliweka kituo Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mwaka 1901 reli ya Waingereza kutoka Mombasa ikafika Kisumu, na ghafla Mwanza ikawa jirani wa Mombasa, kwani mzigo ulivushwa ziwani kwa meli kisha ukateremshwa kwa gari moshi. Waingereza wakaitwaa Mwanza mwaka 1916, na mwaka 1928 reli kutoka Tabora ikafika mjini. Pamba ikawa mali ya nchi. Mwaka 1955 wakulima walikwisha kuungana katika Victoria Federation, muungano mkubwa wa vyama vya ushirika, pamoja na Paul Bomani, ili mizani ya pamba isiwe mikononi mwa mnunuzi peke yake. Hapo pana habari ya mizani tena! Mkulima aliona kwamba gunia lake likipimwa na mtu mwingine huwa jepesi, basi akataka apime mwenyewe.

Pamoja na mali walikuja watu. Wahindi wa Kachchh na Kathiawar walifungua maduka, Wamanyema na Waswahili wakajenga mitaa, misikiti ikasimama, vyuo vya Kurani vikaanza. Kiswahili kilichokuja na misafara kikawa lugha ya soko, na Mzinza akasema na Mkerewe, Mjita na Mhaya akasema na Msukuma. Ukifika ufuko wa kule utasikia maneno yetu, lakini utawakuta samaki wasiokuwa wetu: sato, ningu, kambale, furu na sangara. Dagaa nao wako, wa ziwani, wanaovuliwa usiku usio na mbalamwezi kwa taa, kama wavuliwavyo kwetu. Upepo nao una desturi yake. Huko hawangoji kusi na kaskazi. Usiku upepo hutoka nchi kavu ukaenda ziwani, na mchana hugeuka, na mvuvi huufuata kama mtu anayeitikia mlango.

Habari ya sangara nayo ina mazingatio. Samaki huyu mkubwa hakuwa wa ziwa hili. Alitiwa katika miaka ya 1950 na baada yake, kwa nia ya kuongeza mapato. Alipoenea katika miaka ya 1980 alileta viwanda na fedha nyingi. Lakini alikula furu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi walioishi humo kwa aina mamia. Wanachuoni wa Leiden, Uholanzi, waliokuwa wakiwachunguza furu katika Ghuba ya Mwanza tangu miaka ya 1970, waliona kwa macho yao aina baada ya aina ikitoweka katika nyavu zao. Maskini aliyekula furu akauza sangara kwa kiwanda, na mara nyingi akabaki na kichwa na mifupa. Faida ilikuja kweli, na hasara ilikuja kweli, lakini havikuwafikia watu wale wale.

Sasa, ndugu msomaji, tumefika katika sehemu nzito ya mazungumzo yetu. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba, ilipinduka ikazama ilipokuwa imekwisha kuikaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa watu 430. Waliokufa walizidi 800. Wengi walizikwa Igoma, nje kidogo ya mji, safu kwa safu. Ikapita miaka 22. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, kivuko MV Nyerere kilitoka Bugolora, Ukerewe, siku ya gulio, kikipeleka watu Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Kilipinduka karibu kabisa na gati, hata waliokuwa ufukoni waliona. Watu 228 walikufa. Siku mbili baadaye fundi mmoja alitolewa hai kutoka tumbo la chombo, na nchi nzima ikatoa takbiri na sifa kwa Mola kwa ajili ya roho ile moja.

Wala tusiseme kwamba hayo ni ya watu wa ziwani. Sisi tulikuwa na Spice Islander tarehe 10 Septemba 2011 karibu na Nungwi, na Skagit mwezi wa Julai 2012. Nyumba za Pemba na Unguja zajua msiba wa namna hiyo una ladha gani. Mama wa Ukara na mama wa Wete wamelia kilio kimoja.

Watu husema, "Ni kudura." Hapana shaka kila jambo ni kwa kudura yake Mola, na anayekufa maji kwa imani twamtarajia shahada. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) hakumwambia yule bedui amwache ngamia ovyo kisha ategemee. Alimwelekeza amfunge kwanza. Na katika mafunzo yake umo mfano wa watu waliopanda chombo kimoja, wengine juu na wengine chini, na wa chini wakataka kutoboa sehemu yao ili wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Wakiachwa, wataangamia wote, na wakizuiwa, wataokoka wote. Mfano huu waweza kusomwa kama umesemwa kwa ajili ya kivuko.

Kwani nani hutoboa chombo? Hapana anayekuja na kekee. Yule anayekata tiketi ya mtu wa 102 ametoboa kidogo. Anayepanda akijua pamejaa, kwa sababu ana haraka ya kufika gulioni, ametoboa kidogo. Mwenye mamlaka anayeona akageuza uso ametoboa kidogo. Na abiria anayesema moyoni "mimi ni mmoja tu, nitazidisha nini?" naye ametoboa. Tundu zote hizo ni ndogo, lakini maji hayaulizi ni tundu la nani.

Ukiitazama historia ya Kamanga na maji yake tangu mwanzo, utaona jambo moja likijirudia. Majembe ya Warongo yalivuka kwa amani kwa sababu kila mmoja alipata haki yake. Mfungwa wa Kageye alivushwa kwa dhuluma. Jahazi la Songoro liliondoka na deni, mkulima wa pamba alipunjwa mpaka akaungana, sangara alitiwa bila kuhesabiwa nani atalipa, na vivuko vikajazwa kuliko vilivyopimwa. Maji yalikuwa yale yale siku zote. Kilichobadilika ni mizani za watu.

Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, kusini ya Kamanga, lenye urefu wa kilomita tatu juu ya ghuba hiyo hiyo, na likapewa jina la Rais John Pombe Magufuli. Pale ambapo gari la wagonjwa lilingoja kivuko, sasa lapita kwa dakika chache. Ni neema kubwa, na yatupasa kushukuru. Lakini visiwa havijaungwa na daraja. Ukerewe, Ukara na vinginevyo bado vyategemea chombo, na Unguja na Pemba vivyo hivyo. Daraja la zege limejengwa mara moja likaisha. Daraja la amana hujengwa kila asubuhi, gati inapofunguliwa.

Basi wewe baba unayempeleka mwanao masomoni kwa boti, na wewe mama unayemtuma binti yako kwa shangazi yake ng'ambo, mfundisheni dua ya kupanda chombo, na pamoja nayo mfundisheni kuhesabu. Akiona chombo kimejaa, ashuke bila kuona haya, angoje kingine. Gulio litarudi wiki ijayo. Na akikutana njiani na mtu wa Sengerema, wa Ukara au wa Kamanga, asimwone kuwa ni mtu wa bara asiyejua maji, bali amwamkie kwa heshima kama mtoto wa ufuko amwamkiavyo mwenziwe.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia katika maji ya Nyanza na ya bahari yetu, awape subira waliobaki, na atujaalie sisi kuwa watu wa kutimiza vipimo na kuchunga amana. Amin.